Bei ya "Kama Tulivyo"

Tulikuwa watano mezani, Manundu, Korogwe, jioni ambayo joto la bonde la Mto Pangani lilikuwa bado limeng'ang'ania mabati ya paa. Mhudumu alikuja kukusanya chupa tupu. Aliyekuwa na zamu ya kulipa hakutaja jina la bia hata moja. Alizungusha kidole juu ya meza akasema, "Dada, tuletee kama tulivyo."

Binti akageuka kwenda kaunta. Mzee aliyekaa pembeni yangu akamwita.

"Binti yangu, mimi usiniletee kama nilivyo. Hii ya baridi nimeinywa kwa sababu nilikuta imeshafunguliwa. Niletee Safari, ya moto."

"Ya moto kabisa, mzee?"

"Itoe kwenye kreti. Friji usiiguse."

Meza ikacheka, kicheko cha jioni kisicho na ubaya. Mzee, ambaye alitumia nguvu za ujana wake kwenye mashamba ya mkonge, hakujali. Chupa ilipofika aliipima kwa kiganja, akainamisha glasi, akamimina taratibu, akangoja povu litulie mpaka likabaki utando mwembamba. Kisha akapiga funda moja na kukaa nalo mdomoni kabla ya kulimeza. "Ya baridi naisikia kooni," aliniambia. "Hii naisikia kwenye ulimi."

Nimezoea kulinganisha chupa na chupa, duka na duka, bei ya jumla na ya rejareja. Sikuwa nimewahi kulinganisha gharama ya kufanana na wengine na gharama ya kutofanana nao. Tangu jioni ile nimekuwa nikiipiga hesabu hiyo, Korogwe na Handeni, kwenye grosari, kwenye vilabu vya pombe za kienyeji na kwa mafundi cherehani, na nilichokikuta kimenifurahisha. Katika miji hii miwili mtu mwenye ladha yake mwenyewe hulipa kidogo kuliko anayefuata mkumbo, na anachokunywa anakifurahia zaidi.

Nianze na meza yenyewe. Tuchukue bia ya kawaida kuwa shilingi 2,000. Wewe weka bei ya kaunta yako, mwelekeo wa hesabu utabaki uleule. Watu watano wakizungusha zamu, kila mmoja akanunulia meza mara moja, chupa 25 zitanywewa na kila mtu atakuwa ametoa 10,000. Inaonekana ni haki tupu. Lakini kama kiu yako ilikuwa ya chupa mbili, umelipa 6,000 kwa chupa tatu ambazo tumbo halikuziomba. Huwezi kuondoka baada ya mbili, kwa sababu umeshanunuliwa na hujanunua. Zamu inakushika kama deni.

Sasa mmoja wa watano awe mtu wa bia ya 2,500. Kila zamu ya meza inagharimu 10,500, na kila mtu analipa hiyohiyo. Wanne wamekunywa vitu vya 10,000, yeye amekunywa vya 12,500. Tofauti yake ya 2,000 wamemchangia wenzake bila kujua, shilingi 500 kila mmoja. Ukimweka badala yake mtu wa soda ya 800, kila zamu inakuwa 8,800. Amekunywa soda tano za 4,000 na ametoa 8,800. Mtu asiyegusa pombe ametoka nyumbani kuja kuwanunulia wenzake bia kwa 4,800, na aghalabu ndiye anayetaniwa kuwa anabana pesa.

Siubezi ukarimu wa kuzungusha. Mtu aliyeuza mahindi yake Mkata akataka kuwafurahisha wenzake afanye hivyo kwa moyo wote, na wenzake wapokee. Ninachokipinga ni zamu iliyogeuka sheria, ile ambayo mtu anaagiziwa kabla hajafungua mdomo. "Kama tulivyo" ni neno tamu, lina udugu ndani yake. Ila limeshakula pesa nyingi za watu wasiokuwa na kiu.

Na si baa peke yake. Anayejua msimu wa harusi anaijua sare: kamati inachagua kitenge, kila ndugu na jirani anatakiwa akinunue na kukishonesha, juu ya mchango aliokwisha kutoa. Kitambaa kinavaliwa siku moja, kisha kinakaa sandukuni kwa sababu ukikivaa kwingine kila mtu anajua ni sare ya harusi ya nani. Linganisha na mwanamke anayekwenda mwenyewe kwenye duka la vitambaa la Chanika, Handeni, anakishika kitenge, anakigeuza kuona kama rangi imepita upande wa pili, anampelekea fundi anayemjua na kumwambia anataka kola iweje. Ada ya fundi ni ileile. Gauni hili litavaliwa miaka. Hata mitumba ina sifa hii: kila nguo iliyofunguliwa kwenye robota ni ya peke yake, hakuna ya pili gulioni, na mwenye jicho na subira ya asubuhi anaondoka na shati ambalo Korogwe nzima halina mwenzake. Nikirudi kwenye bia, ni kwa sababu huko ndiko mkumbo unakofanya kazi haraka zaidi, ndani ya sekunde tatu ambazo mhudumu amesimama mezani.

Watafiti wawili, Dan Ariely na Jonathan Levav, waliuchunguza wakati huohuo mfupi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Walikwenda baa moja ya Chapel Hill, North Carolina, Marekani, wakawa kama wahudumu, wakitoa bia za aina nne bure kwa kuonja. Kwenye meza nyingine watu waliagiza kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kwenye nyingine kila mtu aliandika chaguo lake kwenye karatasi bila mwenzake kuona. Walioagiza kwa sauti walichagua bia za aina nyingi zaidi, maana kila aliyesikia mwenzake ametaja bia fulani aliona haya kuirudia. Na walipoulizwa baadaye kama wamefurahia walichokunywa, walikuwa wamefurahia kidogo kuliko wale wa karatasi. Mmoja tu aliyeagiza kwa sauti ndiye aliyesalimika: wa kwanza kuagiza, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwangalia. Uchunguzi ulipofanyika Hong Kong mambo yalipinduka. Watu walielekea kuagiza kilichokwisha kutajwa na waliotangulia. Raha yao nayo ikapungua vilevile.

Mimi naona Korogwe tumesimama karibu na Hong Kong. Hapa anayerudia bia ya mwenzake haoni haya, anayeiacha ndiye huulizwa vipi. Lakini hata wa Chapel Hill walipoteza kitu, na hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kabla hatujafika kwenye bei. Kujitofautisha ili uonekane kunakunyima ladha kama kunavyokunyima kufuata mkumbo. Katika hali zote mbili umeagiza kwa macho ya watu. Mzee wa Safari ya moto hakuwa akijionesha. Angeagiza hivyohivyo hata angekuwa peke yake gizani.

Twende kaunta. Kwa mnywaji wa leo uchaguzi ni mpana kuliko aliokuwa nao baba yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kampuni ya bia ilikuwa mali ya umma, na mtu alikunywa kilichopatikana, pale kilipopatikana. Mwaka 1993 wakaingia Waafrika Kusini kama wabia katika kampuni hiyo, TBL, Kilimanjaro ikazaliwa 1996, na ushindani ukapamba moto zaidi pale East African Breweries ya Kenya ilipochukua hisa nyingi za kampuni ya Serengeti mwaka 2010. Korogwe imekaa pazuri katika mchuano huo. Iko kwenye barabara kuu kati ya Dar es Salaam, ambako kampuni zote mbili zina viwanda, na kaskazini, ambako TBL wana kiwanda Arusha na Serengeti wana chao Moshi. Makreti yanapita mlangoni kutoka pande zote mbili. Handeni yanafika kwa kupanda kilomita 65 za lami kutoka Korogwe au kuchepuka Mkata.

Kitu cha kwanza cha kulinganisha ni ukubwa wa chupa, na hapa wengi hupigwa. Bia zetu nyingi ni za nusu lita. Chupa nyingi za kijani kutoka nje ni za mililita 330. Kama ya nusu lita ni 2,000, kila mililita 100 umeilipia 400. Kama ile ndogo ya kijani ni 3,000, kila mililita 100 imekugharimu zaidi ya 900. Ni zaidi ya mara mbili. Ikiwa ulimi wako kweli unaipenda, lipa, ni pesa yako na ni raha yako. Lakini nimewaona vijana wakiishika chupa hiyo kwa namna ya kuhakikisha lebo inatazama barabarani, na glasi yao haipungui. Hao wananunua lebo. Na jambo la kusikitisha ni kwamba lebo hiyo haiwatofautishi na mtu, kwa sababu inanywewa Nairobi, Dubai na London na watu wasiohesabika.

Kitu cha pili ni nguvu. Safari ina kileo asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, Castle Lite 4. Kwenye nusu lita, Safari inakupa mililita 27.5 za kileo chenyewe, Kilimanjaro 22.5. Anayekunywa Kilimanjaro tano na anayekunywa Safari nne wamekaribiana sana kwa kileo, lakini mmoja amelipia chupa moja zaidi. Usichukue hilo kama sababu ya kukimbilia yenye nguvu. Kwa mtu anayetaka kukaa jioni nzima akizungumza, bia nyepesi ndiyo yenye thamani, kwa sababu inanunua muda. Na kwa anayetafuta kileo tu hakuna bia inayoifikia Konyagi: mililita 200 kwa asilimia 35 ni mililita 70 za kileo, karibu Safari mbili na nusu ndani ya bapa linaloingia mfukoni. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoviuza viroba, vile vifuko vya plastiki, mpaka vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mimi sikuvililia. Pombe inayouzwa kwa bei ya karanga kwa mtoto wa shule haikuwa na ladha ya kutetea.

Kitu cha tatu ni mahali ulipokaa. Chupa ileile, kutoka kreti lilelile, ina bei moja grosari, nyingine kwenye baa yenye muziki na nyingine hotelini kando ya barabara kuu ambako abiria wa safari ndefu hawana muda wa kuulizia kwingine. Nyumbani ni nafuu kuliko kote, ila uende duka la jumla na chupa zako tupu, la sivyo utaacha pesa ya chupa. Kodi nayo huikwepi popote. Kuna VAT ya asilimia 18, na kuna ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita. Bia iliyotengenezwa kwa nafaka za nchini zisizotiwa kimea hutozwa ushuru wa chini, na hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya bia kuuzwa nafuu. Unafuu huo si alama ya ubovu. Nimekutana na watu wanaozificha bia hizo chini ya meza, kana kwamba wameshikwa na kosa, na ningependa waziweke juu.

Sasa nirudi kwenye ya moto, maana hapo ndipo penye tofauti ambayo hailipiwi hata senti. "Baridi au moto?" ni swali ambalo mhudumu wa Tanzania huuliza kama anavyouliza jina la bia, na nchi ambazo swali hilo ni la kawaida si nyingi. Ya moto si ya kuchemshwa, ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuonja friji. Wapo wanaoipenda kwa ajili ya meno, wapo wenye koo linaloshikwa upesi, na wapo waliokulia mahali ambapo umeme haukuwapo na ladha hiyo ikawa ndiyo ladha ya bia. Baridi kali huugandisha ulimi, uchungu na utamu vikajificha nyuma ya ubaridi, na gesi ikabaki ndani ya kinywaji ikichomachoma. Joto linaachia harufu. Jaribu mwenyewe kwa chupa moja ya Safari na glasi mbili: moja uinywe ikitoka kwenye friji, nyingine uiache mezani robo saa. Ile ya pili utaonja kitu kinachofanana na mkate uliokauka pembeni, na uchungu unaokuja polepole kutoka nyuma ya ulimi. Huenda usiupende. Mimi mwenyewe, kwa joto la Korogwe, nimeishia katikati: naiomba ya baridi, kisha naipa dakika kumi. Nilipoanza kufanya hivyo chupa moja ilianza kunitosha mahali pa mbili, na sijalipia ziada yoyote kwa ujuzi huo.

Nje ya chupa kuna ulimwengu mwingine, na hapa Korogwe na Handeni zinaachana. Korogwe ni mji wa watu waliotoka kila upande. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji mikono mingi, na enzi za Waingereza SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ilikusanya manamba kutoka mbali, kuanzia Kigoma na Nyanda za Juu Kusini hadi ng'ambo ya mipaka. Kila kundi lilikuja na ulimi wake. Wasambaa wa milimani na Wabondei wa bondeni walikuwa na boha, pombe ya miwa. Ukanda wa pwani ulikuwa na tembo la mnazi. Ukipanda kuelekea Handeni, kwa Wazigua, nchi inakauka na mahindi yanatawala, na pombe ya mahindi inakuwa karibu zaidi kuliko ya miwa.

Boha niliinywa kwa mama mmoja pembezoni mwa Korogwe, aliyenikalisha kwenye kigoda kwanza na kuniuliza nimetoka kwa nani kabla ya kuniuliza nataka kiasi gani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Ya leo ni changa, ya jana imekomaa. Unataka ipi?" Hilo lilikuwa swali la kitaalamu kuliko lolote nililowahi kuulizwa kaunta. Nikaomba kidogo ya kila moja. Ya leo ilikuwa bado ni maji ya miwa yenye vijipovu, tamu, ina harufu ya kijani ya ganda la muwa lililochunwa. Ya jana utamu ulikuwa umeliwa, imebaki ukali mkavu na uchachu unaokukunja shavu. Miwa hiyohiyo, sufuria ileile, tofauti ni usiku mmoja. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watengenezaji wa pombe za miwa na asali huchachusha kwa matunda ya mwegea yaliyokaushwa, na chachu hiyo hutunzwa na kutumika tena na tena, kama mtu anavyotunza mbegu. Ndiyo maana boha ya nyumba hii si boha ya nyumba ile. Hapa tofauti inatoka kwenye mkono wa mpishi, na haihitaji tangazo.

Kwa bei, katika vilabu vyote nilivyokaa, lita nzima haijawahi kunifikia bei ya chupa moja ya bia. Lakini linganisha kwa uangalifu. Chupa imeandikwa asilimia ya kileo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ina stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye pombe na sigara Januari 2019. Kopo la boha halijaandikwa kitu. Nguvu yake inapanda kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo kopo la asubuhi na la jioni si kipimo kimoja hata kama bei ni moja. Unachokinunua pale ni uaminifu wa mtengenezaji. Angalia ndoo ina mfuniko, kata inaoshwa kwa maji gani, na kama majirani zake wenyewe wanakunywa. Kwenye tembo ujihadhari na jambo la zamani lililokwisha kuingia kwenye methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msifu kwa kurudi tena, si kwa maneno mengi siku ya kwanza. Tembo la asubuhi ni tamu na jepesi, la alasiri limechacha. Ukiuziwa "la sasa hivi" saa kumi jioni, onja kabla hujatoa pesa.

Gongo siilinganishi na kitu. Sheria iliikataza tangu 1966, na aliyeikeneka hana njia ya kukuonesha kilichomo ndani yake. Watu wamepofuka na wamekufa. Hakuna bei ambayo ni nafuu pale.

Handeni nilikaribishwa pombe ya mahindi kwenye kilabu ambacho paa lake lilikuwa la nyasi na mabenchi yake ya magogo. Ni nzito, ina uji ndani yake, na mfanyakazi wa shamba anaihesabu nusu chakula. Mtengenezaji huyalowesha mahindi mpaka yaote, huyaanika, huyasaga kuwa kimea, hupika uji, huuchanganya na kimea na kuungoja. Ni siku kadhaa za kazi, kuni na maji, na katika wilaya ambayo maji yamekuwa shida kwa miaka mingi, ndoo ya maji nayo ina bei. Nilipozijumlisha siku zake na kuni zake, niliona aibu kwamba nilikuwa nimeiita pombe ya bei rahisi. Inauzwa rahisi, sawa. Kutengenezwa haitengenezwi rahisi. Kijana mmoja aliyekaa nami pale ana pesa ya bia ya chupa, fundi wa pikipiki mwenye wateja. Alisema anakuja kilabuni kila Jumamosi na kwamba wenzake wanamwona ameshuka hadhi. "Kaka, mimi bibi yangu alikuwa anapika hii," alisema, na hakuona haja ya kuongeza.

Kuna mtu mmoja anayejitofautisha zaidi ya wote hawa, naye ni asiyekunywa. Handeni na Korogwe zina Waislamu wengi, na Wakristo wengi ambao madhehebu yao hayaruhusu pombe, na wengine ambao daktari ameshawaambia. Watu hawa wana haki ya meza na mazungumzo kama yeyote, na kaunta inapaswa kuwauliza wanachopenda, isiwatupie soda ya kwanza iliyokaribu. Stoney Tangawizi inayochoma pua si sawa na soda tamu ya machungwa. Grand Malt ina kimea bila kileo na inampa mtu uzito wa bia mdomoni. Dafu likifika kutoka Tanga, likate. Na penye mashine ya kukamulia miwa, ongeza kipande cha tangawizi na ndimu ndani ya magurudumu pamoja na muwa: unapata maji yaleyale ambayo mama wa boha anaanzia nayo, kabla usiku haujafanya kazi yake. Hivi vyote ni nafuu kuliko bia. Kinachovifanya viwe ghali ni ile zamu ya meza niliyoanza nayo.

Niliporudi Korogwe niliwasimulia wenzangu habari ya karatasi za Chapel Hill, na tukakubaliana kujaribu. Tulimwomba mhudumu vipande vitano vya karatasi. Yeye akachana ukurasa wa daftari la madeni, upande usioandikwa, akatugawia na kalamu moja izunguke. Kila mtu aandike anachotaka na ngapi, akunje, alipe chake. Ilichukua dakika nyingi kuliko kidole kuzungushwa hewani, na kulikuwa na ukimya wa ajabu, watu wazima wameinama kama kwenye chumba cha mtihani.

Mhudumu alizifungua kaunta, akarudi na sinia. Kulikuwa na Serengeti moja na Kilimanjaro mbili zilizotoka jasho la ubaridi. Kulikuwa na Safari mbili za moto, zimesimama mbele ya mzee. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa miaka yote niliyomjua amekuwa mtu wa Castle Lite, chupa baada ya chupa, zamu baada ya zamu, aliwekewa Stoney Tangawizi na glasi tupu. Aliitazama kidogo, kisha akatuambia kwamba vidonda vya tumbo vilimwanza miaka miwili iliyopita.

Mzee akamsogezea opena.